Matovu wa darasani na Matovu wa masjala: kisa cha matokeo ya Law School, 2022

Karatasi ile ya matokeo ilianza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mawakili Oktoba 2022 na, kama ilivyo kawaida ya habari mbaya, ikawafikia shangazi na wajomba kabla ya baadhi ya wahusika wenyewe. Wanafunzi 633 walikuwa wamefanya mitihani ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania. Jina hilo refu hulikuti ila kwenye barua rasmi. Mtaani, mahakamani na kwenye daladala watu husema Law School, basi. Kati ya hao 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliopata sapu 342. Waliodisko 265.

Kwa asiyepita chuo: sapu ni kuitwa kurudia mtihani wa masomo uliyoanguka. Kudisko ni kuondolewa kabisa, unafungasha. Kwa hesabu ya asilimia, waliovuka bila kikwazo walikuwa 4.1 tu, na hiyo 4.1 ndiyo iliyopanda kwenye vichwa vya habari. Sikuwahi kuona mtihani wa wanasheria ukijadiliwa vijiweni kama ule. Fundi wangu wa pikipiki aliniuliza kwa upole kabisa kama mimi nilifaulu kwa halali.

Ghadhabu ile ina sababu, na sababu yenyewe ni njia ambayo mtu hupita hadi kuvaa joho. Zamani ukimaliza shahada ya sheria ulipelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na mahakamani kufanya mazoezi ya kazi, kisha ukaomba kuandikishwa kuwa wakili na kukaa mbele ya wazee wakakuhoji. Mwaka 1996 kikosi kazi kilichoongozwa na Mark Bomani kuchunguza sekta ya sheria kiliona utaratibu huo hautoshi. Ilichukua zaidi ya miaka 10. Bunge lilitunga Sheria Namba 18 ya mwaka 2007, na Law School ikaanza kupokea wanafunzi 2008. Leo ina majengo yake kando ya Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam, mwendo mfupi tu kutoka geti la Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwenye shahada ya sheria asiyepita hapo hawi wakili. Anaweza kuwa ofisa wa benki, mwandishi, mbunge, hata waziri, lakini hawezi kusimama mbele ya jaji na kusema anamwakilisha fulani. Sasa fikiria mzazi aliyeuza ng'ombe au kiwanja kumsomesha mtoto miaka yote ya shahada, mtoto akavaa kofia, picha ikatundikwa sebuleni, halafu anaambiwa amedisko pale Sam Nujoma.

Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati ya kuchunguza na kuiweka chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Watanzania wanamkumbuka Mwakyembe kwa kamati ya Bunge ya Richmond, 2008, ile ya mkataba wa umeme uliomwondoa Waziri Mkuu, kwa hiyo jina lake tu lilitosha kuwafanya watu wasubiri kichwa cha mtu kianguke. Wachache walikumbuka jambo jingine: Mwakyembe alikuwa mhadhiri wa sheria Mlimani. Ndumbaro alifundisha sheria Chuo Kikuu Huria. Jaji Mkuu wa wakati huo, Profesa Ibrahim Juma, naye ametoka kwenye ubao huohuo wa Mlimani. Walioitwa kutibu walikuwa ndio walimu wa wagonjwa, na Waswahili wanasema mganga hajigangi. Silisemi kwa kejeli. Nchi yetu ina wasomi wa sheria wa kiwango kile wanaojuana wote kwa majina, na ukitafuta asiyehusika utamtafuta mpaka kesho.

Lawama zilianza kurushwa kabla kamati haijakaa. Vyuo vikasema Law School inakomoa. Wa Law School wakasema vyuo vinaleta vijana wasioweza kuandika aya moja ikaeleweka. Wanafunzi wakasema wanasahihishiwa kwa chuki, mawakili wakongwe wakasema vijana wa siku hizi hawasomi. Wapo walionong'ona kwamba mawakili wameshajaa mjini, na huu ni mlango unaofungwa kwa ndani. Nimeyasikia yote hayo kwa masikio yangu, mengine kwenye korido za Mahakama Kuu, na katika kila moja kuna tone la ukweli. Lakini nadhani wote walikuwa wakiisoma ile 26, na ile 26 ndiyo namba isiyosema kitu.

Namba inayosema ni 342. Hao ni asilimia 54 ya wote, yaani zaidi ya nusu. Mtu wa sapu hakuanguka kila kitu. Ameangukia hapa na pale, pengine kwa alama chache, na anapewa nafasi nyingine. Ukiwajumlisha na wale 26 unapata watu 368, asilimia 58, ambao bado walikuwa na njia ya kuwa mawakili. Hiyo ni sura tofauti kabisa na ile ya magazeti. Siwasahau 265 waliodisko, kwa maana asilimia karibu 42 kuondolewa kwa mpigo ni msiba popote pale. Ila ukitaka kujua ugonjwa, mwangalie yule anayejua nusu. Asiyejua kitu hakuoneshi pengo liko wapi. Anayejua nusu anakuonesha palepale.

Nitaeleza nilivyoliona pengo hilo kwa macho.

Kijana mmoja alikuwa akijitolea ofisini kwangu huku akisubiri kundi lake kuitwa Law School. Alikuwa na shahada nzuri, daraja la pili la juu, kutoka chuo ambacho sitakitaja. Ana adabu, anawahi, kila asubuhi "shikamoo msomi" hata akinikuta nimeshika kitumbua. Siku moja tukawa kwenye gari tunarudi kutoka Kibaha, foleni ya Kimara imetushika, nikaanzisha mazungumzo ya kupoteza muda. Nikamuuliza anaikumbuka Matovu?

Alikunjua uso. Anaikumbuka sana! Uganda dhidi ya Kamishna wa Magereza, kwa ajili ya Matovu, 1966. Mtu amekamatwa wakati wa msukosuko wa Buganda, anaomba aletwe mahakamani, na mahakama inajikuta inajiuliza swali kubwa zaidi: je, Katiba iliyokuja baada ya Obote kuipindua ya zamani ni katiba halali? Mahakama ikamtumia Kelsen, mwanafalsafa wa Austria, ikasema mapinduzi yakishafanikiwa yanazaa sheria yake yenyewe. Kijana alinieleza Kelsen kuanzia Ubungo mpaka Manzese. Alieleza vizuri mno, na akaongeza wakosoaji wake. Kwa kweli nilifurahi. Nilijiona nipo tena kwenye ukumbi wa mihadhara, feni imeharibika, na mhadhiri amesahau muda.

Kesho yake nikampa kazi ndogo: andaa hati ya kiapo ya mteja, tunaomba kuongezewa muda wa kukata rufaa. Akaleta kurasa 5. Aya ya 6 ilisema mteja ana haki ya kikatiba ya kusikilizwa chini ya Ibara ya 13. Aya ya 8 ilinukuu uamuzi wa Mahakama ya Rufani. Aya ya 9 iliiomba mahakama "kwa unyenyekevu" imkubalie mteja maombi yake. Na pale mwisho, sehemu ya kuapishia, aliacha nafasi ya jina na sahihi ya kamishna wa viapo lakini hakuweka mahali kiapo kilipofanyika.

Wakili yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Kiapo ni ushahidi ulioandikwa badala ya kusemwa. Muapaji anasema alichokiona, alichokifanya, au alichoambiwa na ameambiwa na nani. Hoja za sheria, maombi na maoni havina nafasi mle. Na mahali na tarehe ya kuapa vinatakiwa na sheria ya kamishna wa viapo yenyewe. Kwa miaka mingi mashauri mazito yameondolewa mahakamani hapa nchini kwa sababu ya mstari huo mmoja. Tangu 2018 kuna kanuni ya kutazama haki kuliko makosa ya kiufundi, mawakili tunaiita oksijeni, na imewaokoa wengi. Lakini wakili anayekwenda mahakamani akitegemea mtungi wa oksijeni ni wakili wa hatari.

Nikamuuliza: nani amesema kiapo kisiwe na hoja za sheria wala maombi? Akanyamaza. Nikamwambia: Matovu.

Hakuniamini. Ikabidi nimfungulie. Ni kesi ileile, hukumu ileile. Kabla ya kufika kwa Kelsen, mahakama ilianza kwa kukagua nyaraka zilizoletwa mbele yake, ikakuta kiapo kina kasoro, ikaeleza kwa lugha iliyonyooka nini kinaruhusiwa kuwemo na nini hakiruhusiwi. Kisha ikasema kwa kuwa suala ni uhuru wa mtu, iache kasoro hizo na kuendelea. Kurasa hizo ndizo mawakili wa Tanzania tunazozinukuu karibu kila wiki tunapomwekea mwenzetu pingamizi la awali. Kelsen sijamnukuu mahakamani hata siku moja, na mapinduzi yenyewe, alhamdulillahi, huku Bara hatujapata.

Kijana alikuwa amesoma nusu ya kesi, ile nusu tukufu, ya mitihani ya falsafa ya sheria. Nusu ya masjala, inayoamua kama karani atapokea faili lako au jaji atalitupa, hakuna aliyewahi kumfungulia. Na hakuwa mvivu. Nimemweleza kirefu kwa sababu ndivyo ninavyoamini wale 342 walivyo.

Hapa ndipo habari ya Mlimani inapoingia, maana bila Mlimani huwezi kuelewa tulivyofundishwa sheria sote, hata tuliosomea kwingine. Tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya Uhuru, chuo kikuu cha kwanza nchini kilifunguliwa kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Wanafunzi walikuwa kumi na kidogo, shahada zao zikitolewa na Chuo Kikuu cha London. Taifa changa liliamua kwamba kabla ya madaktari na wahandisi, lianze na wanasheria. Mwaka 1964 wakahamia kilimani, na katika miaka ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, hadi kilipogawanywa 1970, Wakenya na Waganda waliotaka kusoma sheria kwenye ukanda huu walikuja Dar. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya 2011, ni zao la mlima ule. Joseph Warioba pia, na orodha ya Majaji Wakuu wetu wenyewe.

Kilichoipa Mlimani jina ni namna ya kufundisha. Walimu wa enzi zile, Yash Ghai, baadaye Issa Shivji na wenzao, hawakutaka kijana akariri vifungu alivyoacha mkoloni. Walitaka aulize: sheria hii ya ardhi ilimlinda nani? Sheria hii ya kazi ilitungwa mwaka ambao nani alikuwa amegoma? Jarida la kitivo, Eastern Africa Law Review, lilianza 1968 na lilijaa mijadala ya namna hiyo. Leo kitivo kinaitwa Shule Kuu ya Sheria, kina idara tatu, ya sheria za umma, sheria za binafsi na sheria za uchumi. Shahada ya kwanza inachukua miaka minne, na ipo ya uzamili na ya uzamivu. Wahadhiri wake ndio wanaoitwa kila serikali inapotaka rasimu au mahakama inapotaka rafiki wa mahakama, yaani mshauri asiye na upande. Ni urithi mkubwa, na mtu akiniambia uachwe ili vijana wakafundishwe kujaza fomu, nitagombana naye.

Lakini urithi huo ulikuwa na miguu miwili, na mmoja tumeusahau. Mwaka 1967 kitivo hichohicho kilianzisha Kamati ya Msaada wa Kisheria. Maskini wa Manzese au wa Kisarawe aliyeonewa na mwajiri au kunyang'anywa shamba alikwenda kwa walimu na wanafunzi wa sheria, akasikilizwa bure. Kwa mwanafunzi hilo lilikuwa darasa ambalo ubao hauwezi kulitoa. Unakaa na mama anayelia, unatafuta ukweli ndani ya kilio, unaandika barua ya madai, mwalimu anaichana, unaandika tena. Kelsen asubuhi, barua ya madai mchana. Ukiwa na wanafunzi kumi na kidogo, au hata hamsini, mwalimu anaweza kuichana barua ya kila mmoja. Ukiwa na mamia darasani huwezi, hata uwe malaika. Kwa zaidi ya miaka 30 Mlimani palikuwa mahali pekee pa kupata shahada ya sheria nchini. Kisha vikaja vyuo zaidi ya 10, na kila kimoja kiligundua kuwa shahada ya sheria ni rahisi kuianzisha, kwa sababu haihitaji maabara. Unahitaji ukumbi, kipaza sauti na mtu wa kushika chaki. Maabara ya sheria ni ule mguu wa pili, na ndio ulioachwa nje ya bajeti.

Law School iliundwa iwe maabara hiyo. Tatizo ni kwamba ilipokea mwanafunzi aliyetakiwa awe ameshagusa vifaa, ikamkuta hajawahi kuvigusa, na yenyewe ikiwa na muda mfupi na ukumbi uliojaa. Nani basi alikuwa na jukumu la kumkabidhi kijana kutoka mkono huu kwenda mkono ule? Chuo kilimaliza kazi yake siku ya mahafali, Law School ikaanza yake siku ya usajili, na kati ya siku hizo mbili hapakuwa na mtu. Kamati ya Mwakyembe ilichunguza, ikakabidhi ripoti yake kabla ya mwaka kwisha, na mjadala ukaanza upya. Mimi nabaki na hilo la mkono kwa mkono, maana ndilo ninaloliona mezani kwangu.

Tena kuna ugumu ambao wasio mawakili hawaujui: sheria tunayoifanyia kazi haikai mahali pamoja ikusubiri. Chukua jambo la kila siku. Mama anakuja ofisini, amenunua kiwanja Kibaha kwa shilingi milioni 40, sasa amejitokeza kaka wa muuzaji anasema kiwanja ni cha familia. Swali la mtihani lingekuwa fupi tu: mshauri na uandae nyaraka. Kijana aliyesoma sheria ya ardhi mwaka wa pili, tuseme 2019, anakumbuka Baraza la Kata linaweza kuamua mgogoro mdogo. Mwaka 2021 sheria ilibadilika, Baraza la Kata likabaki kusuluhisha tu. Sasa lazima upite kwenye usuluhishi kwanza, ukishindikana ndani ya siku 30 ndipo ufungue shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo lina uwezo wa kusikiliza madai ya ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 300. Ukiona halmashauri imetia mkono kwenye ugawaji wa kiwanja kile, mambo yanageuka: tangu 2020 unatoa notisi ya siku 90, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu, na unakwenda Mahakama Kuu. Na muda wote huo unahesabu ile miaka 12 ya ukomo wa madai ya ardhi isije ikakupita.

Hilo ni swali moja, na nondo za mwaka wa pili zimeshachacha. Aliyezoea kujifunza kwa kukariri ataandika kwa ujasiri jibu lililokuwa sahihi miaka miwili iliyopita. Atapata sifuri, na nyumbani atasema amesahihishiwa kwa chuki.

Nimefika kwenye lugha, na hapa sitajifanya sina upande. Mafunzo na mitihani ya Law School ni kwa Kiingereza. Mama wa Kibaha anaongea Kiswahili. Baraza linasikiliza kwa Kiswahili. Tarehe 1 Februari 2021, kilele cha Siku ya Sheria, Dodoma, Rais Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu ya Mahakama Kuu kwa Kiswahili, na akampandisha Mahakama ya Rufani. Mwezi huohuo Bunge lilipitisha marekebisho yanayofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibaki pale ambapo haki itahitaji hivyo. Sasa hesabu: Februari 2021 nchi inatangaza lugha ya mahakama ni Kiswahili, Oktoba 2022 vijana 607 kati ya 633 wanashindwa kuvuka moja kwa moja mtihani wa kufanya kazi mahakamani, kwa Kiingereza. Kwa alama zile, nani anaweza kuniambia wangapi walishindwa sheria na wangapi walishindwa lugha? Mtihani uliwapima vyote viwili kwa kijiko kimoja.

Wapo watakaosema, na wana hoja, kwamba vitabu vya rejea, maamuzi ya miaka 60 ya mahakama zetu, mikataba ya wawekezaji na hiyo Matovu yenyewe vyote viko kwa Kiingereza, na wakili asiyejua Kiingereza ataliwa mzimamzima na wenzake wa Nairobi. Nakubali. Basi Kiingereza kipimwe kama Kiingereza, kwa mtihani wake, mapema, chuoni, mwaka wa kwanza, mtu ajijue. Usimngoje mpaka amekula ada ya miaka minne ndipo umwambie kupitia alama za uandishi wa hati ya madai kwamba sarufi yake mbovu.

Kuhusu nani asahihishe, wengine wanataka tufanye kama Kenya. Kule tangu sheria za 2012, Kenya School of Law inafundisha na Baraza la Elimu ya Sheria ndilo linalotunga mtihani, wakati kwetu anayefundisha ndiye anayetahini. Ni wazo safi la kuondoa manung'uniko ya kukomoana. Ila Wakenya nao wanaanguka kwa makundi na wanalalamika kila mwaka kama sisi, kwa hiyo asitokee mtu akaniuzia dawa hiyo kwa bei kubwa.

Mimi ningeanza na jambo lisilo la fahari. Kila mwanafunzi wa sheria, kabla hajapewa shahada, awe ameandika nyaraka 10 za kweli kwa watu wa kweli, na kila waraka uwe umechanwa na mtu anayefanya kazi hiyo kila siku. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, tuna vituo wilayani, tuna mawakili ambao wangefurahi kupata msaidizi. Mlimani walishajua namna ya kulifanya hilo mwaka 1967. Kinachohitajika ni mwalimu mwenye muda na kalamu nyekundu, vitu viwili ambavyo ukivizidisha kwa idadi ya wanafunzi wa leo vinakuwa ghali kuliko jengo.

Kijana wangu alikwenda Law School zamu yake ilipofika, akarudi na sapu mbili. Moja ilikuwa ya uandishi wa nyaraka, jambo ambalo lilinifanya nijiulize na mimi nilichomfundisha. Tulikaa Jumamosi kadhaa. Nilikuwa nampa kisa, anaandika, nachana, anaandika. Mara ya pili alivuka, akaapishwa, akapata ofisi ya kupangisha na mwenzake huko Tabata, chumba kimoja na kibao kikubwa kuliko mlango.

Mwezi uliopita tulikutana naye Mahakama ya Kisutu, yeye upande wa pili. "Shikamoo msomi," akaniinamia kama zamani, kisha akanikabidhi karatasi. Pingamizi la awali. Kwamba aya ya 7 ya kiapo nilichoandaa ina hoja ya kisheria, na anaomba iondolewe. Chini yake, kwa wino mzito: Matovu.

Nikaifungua aya ya 7. Kweli ilikuwemo.